Mapacha Wenye Baba Wawili

Jumatatu, tarehe 7 Oktoba

Nimepata dawa! Iko ndani ya flash ndogo kama ukucha, na flash iko ndani ya soksi yangu.

Nieleze vizuri, maana daftari hili ni jipya na halijui lolote. Mimi ni Joyeuse Munezero, miaka ishirini na saba, mtafsiri wa filamu katika ukumbi wa Tantine Philomène, shangazi aliyenilea, hapa Ndosho, Goma. Filamu inasema kwa lugha yake, nami nashika mikro na kusema kwa lugha yetu. Sauti zote ni zangu: mwizi, polisi, bibi harusi, mbwa. Kazi hii niliisomea Kampala, pamoja na Kiingereza. Watu wanasema hakuna anayebweka vizuri kama mimi kutoka hapa mpaka Sake. Sijivuni, naandika tu wanavyosema.

Dawa ya nini? Ya Ernestine. Ernestine Niyigena, mshonaji, mlango wa tatu kutoka kwetu. Kila siku saa kumi anakuja ukumbini na kazi ya mkono, anakaa benchi la tatu, anapiga pindo huku mdomo umejaa pini. Akicheka anacheka kwa pua, kwa sababu ya pini hizo. Nampenda. Haya, nimeandika! Nampenda tangu mwezi wa tano mwaka jana, aliponishonea blauzi ya kijani na kuniambia nina mabega ya mtu asiyelala.

Taabu ni hii. Jumapili, Rodrigue Havugimana anawaleta wazee wake nyumbani kwa kina Ernestine kuchukua jibu la posa. Jumapili hii! Rodrigue ana lori, ana meno yote, na ana mjomba anayejua kupitisha jibini kutoka Masisi, siku hizi ambapo barabara iko kama ilivyo. Kila wiki anamletea Ernestine jibini zima. Ernestine analigawa ukumbini. Leo nimekula vipande viwili. Ni tamu sana. Namchukia kabisa mtu yule.

Sasa flash. Ndani yake mna tamthilia, sehemu tano, ya marafiki wanne wa kike katika mji wa baridi huko ng'ambo. Wanapenda wanawake wenzao. Yaani wanapenda kama mimi ninavyopenda. Nilitazama zote tano peke yangu, nikalia mpaka pua ikaziba. Hakuna anayeuawa. Hakuna anayepelekwa kuombewa pepo limtoke. Wanakunywa kahawa, wanagombana kuhusu nani aoshe vyombo, kisha wanapatana. Sikujua kwamba mtu kama mimi anaweza kuonyeshwa kwenye televisheni akiosha vyombo!

Mpango: sehemu moja kila siku, kuanzia kesho hadi Jumamosi. Natafsiri ukweli mtupu, bila kuongeza wala kupunguza. Ernestine anasikia, anaelewa, anamwambia Rodrigue aende na jibini lake. Mimi mwenyewe sina haja hata ya kusema neno. Akili ya namna hii mtu anazaliwa nayo.

Jumanne, tarehe 8

Mambo hayakwenda sawasawa.

Ukumbi ulijaa. Mbele kabisa, Tantine na rozari yake. Pembeni yake, mke wa shemasi na mto wake wa kukalia. Nyuma yao, Mama Kahindo, muuza samaki wa njia panda, ambaye huzungumza na televisheni kana kwamba inamsikia. Benchi la tatu, Ernestine na suruali ya mtu magotini.

Wakuu wa tamthilia ni wawili. Mmoja mweupe mwenye nywele za rangi ya karoti, nimempa jina la Grâce. Mwingine mweusi kama mimi, daktari wa meno, nimemwita Nadège. Dakika ya pili tu, Grâce anamtambulisha mwenzake kwa jirani. Anasema huyu ni Nadège, mpenzi wangu. Rahisi! Nikafungua kinywa. Tantine akageuka kunitazama, akitabasamu, rozari mkononi.

Nikasema huyu ni Nadège, dada yangu.

Neno hilo liliniponyoka tu. Mama Kahindo akauliza papo hapo ni udada gani huo, mmoja karoti na mwingine makaa. Nikasema baba tofauti. Akaridhika. Nikapumua. Lakini kisha ikaja keki! Kwa kweli wanasherehekea mwaka mmoja wa mapenzi yao, ila keki ina mshumaa, na wote wawili wanauzima pamoja. Nikasema ni siku yao ya kuzaliwa. Mama Kahindo akauliza, wote wawili, siku moja? Sikuwa na muda wa kufikiri, Nadège alikuwa ameshaanza kusema. Nikajibu ndiyo, ni mapacha.

Ukumbi ukapiga hesabu. Mapacha. Baba wawili. Kisha Mama Kahindo akasema kwa heshima kubwa, "Uyo mama yao njo mwanamuke ya kweli!" Watu wakapiga makofi. Ernestine akacheka kwa pua mpaka pini moja ikamwanguka.

Si kitu. Zimebaki siku nne. Kesho narekebisha.

Jumatano, tarehe 9

Sikurekebisha.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilifanya mazoezi asubuhi mbele ya kioo: kwa kweli si ndugu, kwa kweli wanapendana. Mara kumi. Kioo kilielewa vizuri sana.

Lakini leo ndiyo ilikuwa siku ya busu, nami nilikuwa nimesahau. Wanakula samaki jikoni, wanacheka, halafu Grâce anamshika Nadège mashavu na kumbusu. Busu la nguvu, la muda mrefu, karibu sana na kamera. Ukumbi mzima ukapiga yowe. Mapacha! Mke wa shemasi akajifunika uso kwa kitenge, lakini kitenge chenyewe ni chepesi na alikuwa anaona. Tantine akaidondosha rozari.

Nikasema Nadège amekwama na mwiba wa samaki. Grâce anamtoa mwiba.

Busu likaendelea. Nikaongeza kwamba mwiba uko mbali. Likaendelea tu. Nikasema ni mwiba mrefu. Sijui kwa nini watu wa ng'ambo hawana haraka. Lilipokwisha, Nadège alitabasamu kwa furaha, nikasema amepona, anamshukuru Mungu.

Mama Kahindo akasimama na kusema, kama mtu wa kazi, kwamba anauza samaki mwaka wa kumi na tisa, na hakuna mwiba unaotolewa hivyo. Akaeleza njia yenyewe: unameza donge la ugali. Mabishano yakachukua robo saa. Nilimtazama Ernestine. Alikuwa ameinamia suruali ile, mabega yanatikisika. Ama analia, ama anacheka. Sikuweza kujua, na hilo limenikosesha hamu ya kula chakula cha jioni. Nimekula jibini tu.

Alhamisi, tarehe 10

Msaliti! Muuza flash aliniapia kwamba flash yangu ni ya pekee katika Goma nzima. Kumbe amemuuzia na Aubin.

Aubin ana ukumbi ng'ambo ya barabara. Anaonyesha filamu za vita na ana sauti moja tu, anaitumia kwa jenerali, kwa mke wa jenerali na kwa bomu. Leo asubuhi alipitisha mtaani chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili, limepakia spika, akitangaza kwamba yeye ndiye mwenye tamthilia ya kweli. Na ukweli wake ni upi? Anasema Grâce na Nadège ni wake wenza! Mume wao yuko Angola kwenye almasi, ndiyo sababu haonekani. Wale marafiki wengine wawili, mpishi na mwanasheria, ni wake wa tatu na wa nne. Upuuzi gani huu! Mtu hana aibu ya kumdanganya mtazamaji?

Mchana kutwa watu walibishana kwenye meza ya samaki ya Mama Kahindo. Wanaotoka kwangu wanasema mapacha. Wanaotoka kwa Aubin wanasema wake wenza. Mwanamke mmoja ambaye ni mke mwenza wa kweli alisema ameishi na mwenzake miaka kumi na miwili na hajawahi kumtoa mwiba.

Saa tisa, kabla sijaanza, walikuja wajumbe watatu, Mama Kahindo akiwa mbele. Alizungumza kwa adabu, mikono imefungwa tumboni kama mtu aliye mbele ya chifu. Alisema wanaipenda tamthilia. Walichokuja kuomba ni kimoja: niondoe ule undugu. Watu wazima wakipendana ni mambo yao, wapendane tu, wametulia, hawajamwibia mtu. "Lakini bandugu, hapana! Iyo tunakataa."

Mlango umefunguliwa mbele yangu, daftari! Wazi kabisa, hadi bawaba! Nilichotakiwa kusema ni neno moja: sawa.

Nikasema itabidi niwaulize wenye filamu, Amerika.

Kwa nini? Sielewi. Kinywa changu kina mwenyewe, na mwenyewe si mimi. Nilipogeuka, Ernestine alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake. Alikuwa amesikia yote. Akaniuliza wenye filamu Amerika hujibu baada ya siku ngapi. Nikasema inategemea. Akasema yeye ana siku tatu.

Ijumaa, tarehe 11

Ushindi mkubwa! Au nusu ushindi.

Leo kulikuwa na tukio la hospitali. Kwa kweli mpishi amejikata kidole. Lakini palikuwa na muuguzi, palikuwa na karatasi, nami nikaona nafasi yangu. Nikamfanya muuguzi akiri kwamba miaka thelathini iliyopita, wodi ya wazazi, walibadilisha watoto. Grâce na Nadège si mapacha. Si dada. Hawana hata tone la damu moja!

Ukumbi ulilipuka. Watu walikumbatiana. Mama Kahindo alisema alijua toka mwanzo, kwa sababu ya karoti. Tantine alifuta machozi akisema maskini yule mama aliyesifiwa bure. Ng'ambo ya barabara, Aubin naye alijaribu kunishinda: akamuua mume wa Angola kwa mgodi kuporomoka na kuwafanya wanawake wote wanne wajane. Watazamaji wake wakaanza kulia matanga katikati ya tukio la dansi. Nilisikia kutoka kwangu, na moyo wangu ulitulia.

Basi njia ni nyeupe. Kesho ni sehemu ya mwisho. Grâce anamfuata Nadège kwenye kituo cha basi, mvua inanyesha, na anamwambia kwamba anampenda, asiondoke. Ni maneno machache. Nayasema, Ernestine anasikia, basi.

Baada ya onyesho aliningoja nje. Aliuliza, bila kunitazama, kama Grâce kweli atasema. Nikajibu ajitokeze kesho aone. Nikajiona mjanja. Akanitazama kama anavyotazama pindo lililoshonwa ndani nje. Akasema mama yake ameshaazima viti vya Jumapili. Nikamuuliza wapi. Akasema kwa Tantine. Mabenchi manne yanachukuliwa kesho baada ya onyesho.

Na benchi la tatu! Wazee wa Rodrigue watakalia benchi la tatu!

Jumamosi, tarehe 12

Sijui niandike vipi. Niandike tu.

Kituo cha basi. Mvua. Grâce anakimbia, nywele za karoti zimelowa. Anamfikia Nadège na kusema, kwa Kiingereza, maneno mafupi mno: nakupenda, usiondoke. Nikayasema. Yakatoka! Kwa sauti ya Grâce, ile ndogo yenye mkwaruzo. Tantine yupo, mke wa shemasi yupo, na dunia haikupasuka.

Hapo ndipo nilipaswa kunyamaza. Grâce alifunga mdomo wake. Mimi sikufunga wangu.

Nikasema nimekupenda tangu uliponipima mabega. Nikasema najua mlio wa mashini yako kati ya mashini zote za barabara hii, na siku isipolia nauliza watu kama unaumwa, halafu najifanya nilikuwa nauliza habari ya umeme. Nikasema naweka sauti zote hizi kila siku, mwizi na polisi na mbwa, ili ucheke kwa pua. Nikasema naogopa. Kwamba hapa kwetu jambo kama hili watu hulizunguka kama shimo barabarani, na mimi nimelizunguka mpaka nimechoka miguu. Nikasema usikubali Jumapili. Nikasema hata jibini lake nalila kwa uchungu.

Kwenye skrini basi lilikuwa limeshaondoka. Majina yalianza kupanda, muziki unapigwa, hakuna mtu, hakuna mdomo hata mmoja unaotikisika, na sauti ya Grâce bado inasikika ukumbi mzima. Nilisikia Mama Kahindo akimnong'oneza jirani yake, kwa mnong'ono wake unaofika barabarani, "Dentiste anapata wapi mashini ya kushona?" Kisha akasema, polepole, "Aaah."

Vichwa vikageuka. Kimoja kimoja. Vyote kuelekea benchi la tatu.

Ernestine alikuwa anatoa pini mdomoni. Alizitoa moja baada ya nyingine, akazichoma kwenye mkono wa gauni lake, zote, bila haraka. Nikadhani sasa anasema. Akainuka. Akatoka nje mbio.

Mke wa shemasi akachukua mto wake akaondoka. Mwanamke mwingine akaondoka pia, kisha akarudi kuchukua mandazi aliyoyasahau, na aliporudi akakaa. Wengine hawakusogea. Mama Kahindo akapiga makofi mara moja, kama anayefukuza kuku, akatangaza kwamba filamu imekwisha, ilikuwa nzuri, Grâce ana maneno mengi kuliko watu wa kawaida lakini ndivyo walivyo wenye nywele za karoti. Akawatazama wote kwa zamu mpaka wote wakakubali kwamba ilikuwa filamu.

Halafu mabenchi yakabebwa.

Jumapili, tarehe 13

Saa mbili asubuhi. Nimefungasha begi. Mpango: boti ya Bukavu. Kule nitaanza upya, nitatafsiri filamu za wanyama. Wanyama hawakiri chochote.

Saa tatu. Tantine amekuja na chai. Nilijificha nyuma ya mlango, akaniletea chai nyuma ya mlango. Hakuuliza chochote. Alisema tu kwamba mara nyingine Grâce afupishe, jenereta inakula mafuta. Kisha akanishika kichwa, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo, akaondoka. Nimelia ndani ya chai. Kuna nyumba nyingi ambazo kwa maneno yale ningeamkia barabarani na begi ambalo sikulifungasha mwenyewe.

Saa sita. Sijaenda botini. Nikasema nikae nione tu wazee wakipita. Wamepita. Kofia, fimbo, Rodrigue amevaa koti. Na jibini kubwa kuliko yote, wanalibeba watu wawili!

Saa nane. Wamerudi. Kofia, fimbo, Rodrigue. Na jibini! Jibini limerudi nao! Nimehesabu mara mbili. Limerudi!

Saa kumi na moja. Naandika haraka kabla sijasahau hata neno moja.

Ernestine alikuja na benchi la tatu kichwani. Akalitua, akalikalia, akaniambia nikae. Nikakaa. Akasema jana alitoka mbio kwa sababu alikuwa ameacha pasi ya makaa juu ya suruali ya mteja. Nilipofika kwenye habari ya mlio wa mashini ndipo alipoikumbuka. Suruali imeungua, ina dirisha sasa. Akasema alirudi ukumbini, akakuta watu wanabeba mabenchi na mimi nimeshakimbilia dari.

Ndiyo, nilipanda darini. Sikuandika jana kwa sababu haikuwa muhimu.

Akasema amemjibu Rodrigue hapana, mbele ya wazee, kwa heshima. Mama yake hasemi naye. Hatasema naye wiki nzima, labda mwezi, na hilo linamuuma, hakunificha. Rodrigue mwenyewe alishukuru kwa kuambiwa wazi, kisha akachukua jibini. Ni mtu mzuri. Sitaki kuandika hivyo lakini ni mtu mzuri.

Nikamuuliza alianza kujua lini. Akasema ananishangaa. Blauzi moja alinipima mabega mara nne! Nilifikiri ni kazi ya uangalifu. Alikuwa ananingoja mimi niseme, mwaka mzima na zaidi, na wiki hii alikaa siku tano kwenye benchi bila mgongo akisikia mapacha, miiba na wauguzi. Akasema, "Weye, mbele ya batu makumi munane na mikro unaweza. Mbele ya mutu mumoja, nini inakushinda?"

Nikasema nampenda, bila mikro, kwa sauti yangu. Sauti yangu ni nyembamba kuliko nilivyodhani. Lakini ilifika.

Sitaandika yaliyofuata. Naandika tu kwamba hapakuwa na mwiba.

Kabla hajaondoka alinipa sharti moja. Nisizue tena. Hajali mtaa unasema nini, na wala haombi nitangaze kitu kwa spika, kila mtu ana usalama wake wa kufikiria. Lakini nikiwa na jambo linalomhusu, nimwambie yeye kwanza, mapema, kabla ya wengine. Nimeapa. Nimeapa kwa mkono juu ya moyo, na nilimaanisha kila neno. Mimi si mtu yule wa Jumanne tena. Mimi ni mtu mpya!

Jumanne, tarehe 22

Siku tisa za furaha, sikuwa na muda wa kuandika. Ernestine huja kula kwangu kila siku akifunga kazi. Anaosha vyombo, mimi nafuta. Tunagombana kuhusu sufuria. Raha tupu.

Leo asubuhi Mama Adalbert, mwenye nyumba tunayopanga mimi na Tantine, alinisimamisha kwenye bomba la maji. Ni mama mzuri, kiongozi wa kwaya ya parokia. Aliuliza, kwa wema tu, yule dada anayekuja kila jioni na kucheka mpaka ukutani kwake anasikia, anakuja kwa shughuli gani.

Ningeweza kusema ni rafiki yangu. Ni neno zuri, ni la kweli, na lingetosha.

Nikasema anakuja kufanya mazoezi ya kuimba. Nikasema ana sauti ya ajabu, tena haonyeshi watu kwa unyenyekevu.

Mama Adalbert aliacha ndoo yake ikafurika. Akanishika mikono yote miwili. Kumbe mwimbaji wake wa mbele ameolewa Butembo, na Jumapili hii ni misa ya shukrani, na amefunga siku tatu akiomba apatikane mwingine! Ameshaandika jina. Ernestine Niyigena ataimba peke yake, beti nne, mbele ya parokia nzima. Vazi lake linapigwa pasi.

Ernestine hawezi kuimba. Nampenda kuliko kitu chochote, lakini akiimba, mashini yake husimama.

Hakuna shida yoyote. Nimekwenda kanisani mchana huu kuangalia mahali. Nyuma ya kinanda kuna pazia, na nyuma ya pazia kuna nafasi ya mtu mmoja mwembamba na mikro. Ernestine atafungua kinywa. Mimi nitaimba. Hakuna atakayejua. Kazi yangu ni hiyo hiyo, na mimi ndiye bora toka hapa mpaka Sake!

Kilichobaki ni kumwambia Ernestine. Niliapa kumwambia mambo mapema, na neno langu ni neno. Nitamwambia Jumamosi jioni.